Kuingiza frigo ndani ya ukuta wa jiko: mambo ya kujua mbele ya kupiga nyundo

Nyumba zetu nyingi, iwe Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, zilijengwa bila kufikiria frigo. Jikoni palipangwa mahali pa mbabula, meza ya kuoshea vyombo na mlango wa kutokea uani. Frigo ilikuja nyuma, mara nyingi okazioni ya Ulaya, ikawekwa pale ilipopata nafasi. Kila anayepita na sufuria anaigonga, na mlango wake ukifunguliwa njia inafungika. Kwa hiyo siku mwenye nyumba anatengeneza jiko upya, fikra inakuja: tutoboe ukuta, tusukume frigo ndani, ibaki sawa na ukuta.

Inawezekana. Lakini frigo ya kawaida, ile inayosimama peke yake, haikutengenezwa kuishi ndani ya shimo. Na ukuta haukujengwa ili utobolewe. Ukikosea upande mmoja, frigo inakufa mbele ya wakati wake. Ukikosea upande wa pili, ni nyumba inapasuka.

Tupige hesabu kwanza

Tuchukue mfano wa frigo yenye upana wa sentimita 60, inayokwenda nyuma sentimita 65, na yenye kusimama mita 1 na 80. Nyuma yake lazima kubaki angalau sentimita 5 za hewa. Ni kusema unahitaji shimo linalokwenda ndani sentimita 70. Sasa pima ukuta wako. Ukuta wa bloku ni sentimita 15 ao 20, na ule wa tofali nzima ya kuchoma uko karibu na hapo.

Ukichimba ukuta wa sentimita 20 na kufunga nyuma kwa ubao mwembamba, umepata sentimita 17 ao 18. Frigo bado inatoka jikoni zaidi ya nusu mita. Umebomoa ukuta, umelipa fundi masoni, umekula vumbi wiki nzima, kwa ajili ya sentimita 17.

Ndiyo maana kuingiza frigo kweli kweli ni kuvuka ukuta na kuchukua nafasi katika chumba cha pili: depo, korido, ao kona ya chumba ambayo haina kazi. Upande ule wa pili unajenga kisanduku kama kabati, cha tofali za kusimamisha ao cha mbao, na frigo inalala humo. Basi mbele ya kuuliza «ukuta utatobolewa namna gani?», uliza «nyuma ya ukuta huu kuna nini?» Kama nyuma ni kitanda cha watoto, acha. Motere ya frigo inanguruma usiku.

Ukuta gani usiguswe

Bukavu ni mji wa milima, na nyumba nyingi zimekatwa ndani ya mteremko. Ukuta wa nyuma wa jiko mara nyingi ndio unaoshika udongo wa kilima. Ukuta huo haugusiwi, hata kwa sentimita 10. Unabeba uzito wa udongo, na mvua ikinyesha uzito huo unaongezeka.

Kiisha angalia juu. Kama mbao zinazobeba manjanja zimekaa juu ya ukuta huo, ao kama nyumba iko na etaji na dala inaegemea hapo, ukuta unabeba. Kuna wanaogonga tu kwa kidole na kusema «huu ni mwepesi». Kidole hakitoshi. Panda darini uone kwa macho kitu gani kimelala juu ya kitu gani. Na poto ya beto pamoja na shenaji, ule mkanda wa beto unaozunguka nyumba, havikatwi kamwe. Ukikuta fero wakati wa kutoboa, simamisha kazi siku ile ile.

Hili si woga wa bure. Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 tetemeko lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, nyumba zikaanguka. Goma nayo, kiisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, ardhi ilitikisika siku nyingi na kuta zikapasuka. Ukuta wenye shimo la mita 2 bila linto ndio unaanza kufunguka kwenye pembe. Kama nyumba yako tayari iko na ufa unaokwenda mshazari kutoka dirishani, usiongeze shimo jingine karibu yake.

Ku nyumba za mbao za Goma kazi ni nyepesi kupita, juu mbao zinatoka na kurudi. Sharti ni moja: usikate miti inayosimama. Pitisha frigo kati ya mti na mti, na kama nafasi haitoshi, weka mti mpya kila upande na mwingine wa kulala juu mbele ya kuondoa ule wa zamani. Kuta za mawe ya volkano ni jambo lingine: ukitoa jiwe moja, la juu yake linafuata. Huko mimi ningesema hapana.

Linto inaingia kwanza

Ukuta wa katikati usiobeba paa ndio mzuri kwa kazi hii. Hata hivyo matofali ya juu ya shimo yatataka kushuka, kwa hiyo linto ni lazima. Shimo la upana wa sentimita 70 linataka linto ya mita 1 na 10, ili kila upande iegemee sentimita 20. Kosa tunaloona ni masoni kutoboa shimo lote kwanza, kiisha kutafuta linto. Kazi inakwenda kinyume: simamisha miti ya kushikilia, fungua sehemu ya juu peke yake, ingiza linto, jaza vizuri juu yake, acha ishike. Kubomoa chini kunakuja mwisho. Kama beto imemwagwa palepale, inafikia nguvu yake karibu siku 28. Fundi mwenye haraka atataka kuondoa miti siku ya tatu, juu anaihitaji ku kazi ingine. Mkatalie.

Joto linapita wapi?

Hapa ndipo frigo nyingi zinauawa. Frigo haitengenezi baridi. Inatoa joto lililo ndani ya chakula na kulitupa nje, kupitia ile rato nyeusi ya nyuma, ao kupitia mbavu zake. Ili ujue yako ni ya aina gani, acha itumike saa moja, kiisha gusa mbavu zote mbili kwa mkono. Zikiwa na moto, mabomba yamefichwa ndani ya mbavu, na frigo hiyo inataka nafasi kubwa kupita pembeni.

Ukiifungia ndani ya kisanduku bila njia ya hewa, joto inalotupa linabaki palepale na kuirudia. Motere haipumziki tena. Wenye mita ya kulipia mbele wanaona yuniti zinaisha haraka, nyama inaanza kulainika, na fundi anakuja kuongeza gesi ambayo haikupungua. Mwishoni motere inaungua, na watu wanasema frigo ya okazioni ni mbaya. Frigo haikuwa na kosa.

Kwa hiyo acha sentimita 5 kila upande na 5 nyuma, na juu angalau 10. Kama kitabu cha frigo yako kinasema zaidi, fuata kitabu. Tena hewa inataka mlango wa kuingilia chini na wa kutokea juu, juu hewa ya moto inapanda. Klostra, yale matofali yenye matundu tunayoweka juu ya madirisha, yanafaa sana hapa. Matundu ya chini yakijumlishwa yafanye angalau eneo la sentimita 10 kwa 20, na ya juu vilevile. Weka waya wa nyavu, juu panya wanapenda joto la motere. Ikiwa hewa inatokea depo, depo hiyo isiwe imejaa magunia hadi ku dari.

Kuna herufi ndogo ndani ya frigo, kwenye karatasi iliyobandikwa, ambazo wachache wanasoma: SN, N, ST ao T. Zinaonyesha joto la mahali ambamo frigo inaweza kufanya kazi vizuri. SN ni digri 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST inafika 38, na T inafika 43. Bukavu na Goma, karibu mita 1.500 juu ya bahari, frigo ya N inajimudu ikiwa wazi jikoni. Uvira ao Kalemie, kando ya Tanganyika, frigo ileile ndani ya shimo itateseka, juu joto la shimo linapita lile la jikoni. Huko tafuta ST ao T, ao iache nje ya ukuta.

Karatasi hiyohiyo inataja gesi. Ikiandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka. Kipimo chake ni kidogo, makumi ya gramu tu, lakini ni nzito kupita hewa na ikivuja inakaa chini. Ndiyo sababu nyingine ya matundu ya chini, na ya kuweka mbabula mbali. Usipige msumari wala vis ndani ya mbavu za frigo ili kuishikisha na mbao.

Umeme na mlango

Prizi isikae nyuma ya frigo. Iweke pembeni, nje ya shimo, pale mkono unafika, iwe na waya wa ardhi. Kwetu umeme unakatika na kurudi na nguvu isiyotabirika. Siku ya hatari unataka kuchomoa kwa sekunde mbili, si kuvuta frigo nzima. Stabilizatere nayo ibaki nje, juu inatoa joto lake. Chagua ile inayochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 ukirudi, ili motere isianze kwa nguvu ikiwa imebanwa.

Mlango wa frigo wote ubaki mbele ya ukuta. Ukiuingiza ndani, hautafunguka kupita nusu na sanduku la mboga halitatoka. Sakafu ya shimo iwe sawa ya jikoni, ili mtu mmoja aweze kuvuta frigo na kufagia vumbi la nyuma. Na usipime shimo kwa frigo ya leo peke yake. Itakufa siku moja, na ile utakayopata sokoni inaweza kuwa na upana wa 70.

Kama chumba cha nyuma hakipo

Rudisha nyundo. Geuza hesabu: badala ya kusukuma frigo ndani ya ukuta, leta ukuta mbele. Simamisha mbao mbili kila upande wa frigo, juu weka kabati lenye uwazi nyuma wa kupitisha hewa, na endelea na rafu za sahani pembeni. Kwa macho frigo imeingia. Fundi wa mbao anafanya hivyo bila kugusa tofali hata moja, na mpangaji anaweza kuhama nayo. Mpangaji anayetaka kutoboa kweli aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na waandike nani atalipa kuziba. La sivyo garanti itabaki ku mkono wa mwenye nyumba.

Frigo ikishaingia, acha itumike siku moja nzima, kiisha weka mkono mbele ya klostra ya juu. Unapaswa kusikia upepo wa vuguvugu. Kama husikii kitu, hewa haitembei: ongeza matundu mbele ya kupaka rangi.