Mandhari ya sauti

Mandhari ni neno la macho. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama. Ndiyo maana kuita aina ya muziki “mandhari ya sauti” huwakera wengine. Lakini sikiliza Apollo, albamu ya mwaka 1983 ya Brian Eno, ndugu yake Roger na Daniel Lanois, iliyotungwa kwa ajili ya filamu ya safari za mwezini. Hakuna anayeimba. Vinanda vya umeme vinatanda taratibu, kisha gitaa linatelezeshwa chuma na kulia kikantri, kwani baadhi ya wanaanga walibeba kaseti za muziki wa kantri. Mwezini hakuna hewa ya kupitisha sauti. Mtunzi anatafsiri kinachoonekana tu. Basi neno la macho linamfaa. Jina “muziki wa chinichini” tuwaachie wenye hoteli.