Modeli ya Spitfire
Modeli ya Spitfire ni mfano mdogo wa ndege ya kivita ya Uingereza, unaouzwa ukiwa vipande vya plastiki ili mnunuzi auunde na kuupaka rangi mwenyewe. Kipimo kilichozoeleka ni 1:72, yaani inchi moja ya modeli husimama badala ya futi sita za ndege halisi. Mabawa ya Spitfire Mk I, yenye mita 11.23 toka ncha hadi ncha, hubaki takriban sentimita 15.6. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953.

Uundaji huanzia chumba cha rubani, kwa sababu pande mbili za kiwiliwili zikishafungwa, brashi haifiki tena ndani. Gundi inayotumika huyeyusha plastiki, vipande vikashikana vikawa kitu kimoja. Tone likidondokea kioo cha rubani, kioo hicho kimeharibika. Maungio hujazwa puti, kisha hupigwa msasa. Hapa ndipo uvivu wa fundi huonekana, maana rangi haifichi ufa, huutangaza.

Modeli za ndege zilizopigana juu ya Uingereza kiangazi cha 1940 hupakwa kahawia na kijani kibichi juu, na kijani hafifu chini. Alama za duara za jeshi la anga, zilizochapishwa kwenye karatasi, hulowekwa majini, kisha huteleza kutoka kwenye karatasi hiyo. Zisibandikwe juu ya rangi kavu isiyong'aa: hewa hunaswa chini yake na kuacha weupe. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa hutangulia, na isiyong'aa hupakwa mwisho.