Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wageni wa Kujitolea katika Mikoa ya Iringa na Mbeya tangu Mwaka 1961

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya wageni waliokuja kufanya kazi ya kujitolea katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususan mikoa ya Iringa na Mbeya, tangu mwaka 1961. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kazi hiyo haikutegemea sana nia njema ya mgeni. Ilitegemea nani aliyempangia kazi, alikaa kwa muda gani, na kama aliijua lugha ya wenyeji wake. Njia tatu za kuja kwa wageni hao zinajadiliwa: ya dola, ya makanisa na ya soko la safari.

1. Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu methali hii hufafanuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Hata hivyo, ina fundisho jingine lisilotajwa sana. Jembe ni la mwenyeji. Ni yeye anayejua shamba lipi limeota magugu, na ni yeye anayeamua lini ugeni umekwisha na kazi imeanza. Mgeni halichukui jembe, hupewa.

Katika miongo ya karibuni, msafiri anayetaka kuchanganya matembezi na kazi ya kujitolea amepata nafasi nyingi Afrika Mashariki. Mijadala mingi kuhusu jambo hili imeelekezwa Pwani na Zanzibar, kunakopita watalii wengi. Nyanda za Juu Kusini hazijapewa uzito unaostahili, ilhali huko wageni wa kujitolea wana historia ndefu kuliko utalii wenyewe. Swali linaloongoza makala haya ni hili: katika kila kipindi, nani alilishika jembe, na nani alimpa?

Mipaka ya eneo inahitaji ufafanuzi. Mkoa wa Iringa unaojadiliwa hapa, kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki, uliijumuisha Njombe, iliyokuwa mkoa mwaka 2012. Vivyo hivyo Mbeya iliijumuisha Songwe hadi mwaka 2016.

2. Usuli: kazi iliyochukuliwa

Kabla ya kuzungumzia wageni waliotoa kazi yao, hatuna budi kuwakumbuka wageni waliochukua kazi ya wenyeji. Vita vya Wahehe dhidi ya Wajerumani vilianza mwaka 1891 na kumalizika kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Baada yake ilikuja kodi, na kodi ilihitaji fedha, na fedha zilipatikana mbali. Chini ya utawala wa Waingereza, Nyanda za Juu Kusini ziligeuka ghala la nguvukazi. Vijana wa Kibena, Kikinga na makabila jirani walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU.

Kwa hiyo neno "kujitolea" liliingia katika siasa za uhuru likiwa na uzito wa pekee. Kaulimbiu ya TANU, "Uhuru na Kazi", ilimtaka mwananchi atoe kwa hiari kile ambacho mkoloni alikitoza kwa nguvu. Barabara za vijiji, madarasa na zahanati zilijengwa kwa nguvu za wananchi: huyu analeta tofali, yule mchanga, mwingine maji. Utaratibu huu haukufa. Mtafiti anayewachunguza wageni wa kujitolea bila kuutazama anakosea tangu mwanzo, kwa sababu mjitoleaji wa kwanza wa kila kijiji ni mwanakijiji.

3. Njia ya dola, 1961–1969

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo, pamoja na Ghana na Kolombia, kupokea watu wa Peace Corps, shirika lililoundwa na Rais Kennedy wa Marekani mwezi Machi mwaka huohuo. Kundi la kwanza lilifika kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba. Halikuwa la walimu wala wauguzi. Lilikuwa la wapimaji, wahandisi na wanajiolojia. Sababu iko wazi: nchi iliyotaka kufungua barabara haikuwa na wataalamu wa kupima ardhi, na serikali yake ilikwisha kusema inataka nini. VSO, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1958, nayo ilianza kuleta watu wake katika miaka hiyo. Walimu walifuata, wakajaza nafasi katika shule ambazo hazikuwa na wahitimu wa kutosha.

Katika njia hii mwenye jembe alikuwa serikali. Iliomba, ikapanga, na hatimaye ikakataa. Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vilibadili maana ya mwalimu. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwalimu alitakiwa kuwa mlezi wa itikadi ya taifa, si mjuzi wa somo tu. Kijana wa Kimarekani wa miaka ishirini na mitatu, hata awe mwema kiasi gani, hakuweza kuubeba wajibu huo. Vita vya Vietnam viliongeza shaka juu ya nchi iliyomtuma. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania, na haikurudi hadi mwaka 1979.

Kuondoka huko hakupaswi kusomwa kama chuki kwa wageni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, taifa liliwageukia vijana wake waliomaliza shule ya msingi ili wafundishwe ualimu wakiwa kazini. Ubora wa elimu ulidhurika, kama wengi walivyobaini baadaye. Lakini uamuzi ulikuwa wa mwenyeji, na makosa yake yalikuwa yake.

4. Njia ya makanisa

Ilhali dola ilifungua na kufunga mlango, makanisa hayakuufunga kamwe. Tosamaganga, kilomita chache kutoka mjini Iringa, ilianzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na kukabidhiwa kwa Wakonsolata kutoka Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hospitali yake ni ya Jimbo Katoliki la Iringa. Tangu mwaka 1990 inapata msaada wa CUAMM, shirika la madaktari lenye makao yake Padova. Madaktari vijana walio katika masomo ya ubingwa huja kwa miezi kadhaa na kufanya kazi chini ya wakubwa wao. Jambo la msingi hapa ni mpangilio: mgeni anakuta wodi yenye mganga mfawidhi, wauguzi, rejesta na taratibu. Akiondoka, wodi inabaki.

Kwa upande wa Walutheri, uhusiano uitwao Bega kwa Bega ulianza mwaka 1987 kati ya Dayosisi ya Iringa ya KKKT na sinodi ya eneo la Saint Paul, Minnesota. Usharika wa huku huunganishwa na usharika wa kule. Watu hutembeleana, karo za wanafunzi hulipwa, visima na shule husaidiwa. Jina lenyewe ni dai: bega kwa bega, si mkono wa juu na mkono wa chini. Dai hilo halitimii kila siku, maana mwenye fedha husikilizwa zaidi hata akinong'ona. Lakini uhusiano wa miongo kadhaa humfanya mgeni arudi kuulizwa juu ya ahadi ya mwaka juzi, jambo lisilompata kamwe mpita njia.

Mfano wa tatu ni Neema Crafts, iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mwanzilishi wake, Susie Hart, alikuwa Mwingereza aliyekuja kujitolea. Alianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, baadhi yake kutokana na kinyesi cha tembo. Karakana ilikua hadi kuajiri watu zaidi ya mia moja wenye ulemavu, na mkahawa wake unahudumiwa na viziwi: mteja huandika anachotaka au hujifunza ishara. Hapo uhusiano wa kawaida unapinduka. Mgeni mwenye lugha nyingi anakuwa bubu, na mhudumu ndiye mwalimu. Zaidi ya hayo, kazi ya mgeni ilizaa ajira ya mwenyeji badala ya kuichukua.

5. Shule za kata na pengo la hesabu

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za kata kwa wingi. Wananchi walijenga maboma, serikali ikaezeka. Walimu wa hisabati na sayansi hawakutosha. Peace Corps, iliyokwisha kurudi, iliwapeleka wengi wa walimu wake katika shule za namna hii, zikiwemo za Nyanda za Juu Kusini. Utumishi wao ni wa miaka miwili baada ya mafunzo yanayojumuisha Kiswahili na kuishi na familia.

Machi mwaka 2020, kutokana na UVIKO-19, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani kwa siku chache. Tukio hilo lilionyesha udhaifu wa kumweka mgeni katika nafasi ya kudumu: uamuzi uliofanywa Washington uliacha madarasa ya Tanzania bila mwalimu. Udhaifu huo unauma zaidi tukikumbuka kwamba nchini wako wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, na wengi wao hufundisha kwa kujitolea, wakilipwa posho ndogo inayochangwa na wazazi au wasilipwe kabisa. Huyu naye ni mwalimu wa kujitolea. Hakuna anayempiga picha.

6. Njia ya soko

Njia ya tatu ni ya karibuni. Mjitoleaji hulipa wakala wa nchini kwake, huja kwa wiki mbili au tatu, hupaka rangi darasa au kucheza na watoto, kisha huenda Ruaha kuona tembo. Ukimwi ulikuwa sababu mojawapo ya wageni kuelekea huku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulionyesha kuwa asilimia 15.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Iringa waliishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Yatima waliongezeka, na vituo vya kuwalea vikaongezeka.

Tatizo la njia hii ni kwamba mteja ni mgeni. Kazi hupangwa ili imridhishe aliyelipa. Tofali analolibeba lingebebwa na kibarua wa Ipogolo au Mwanjelwa kwa sehemu ndogo ya nauli yake. Kwa watoto, athari ni kubwa zaidi: mtoto aliyefiwa hujifunza kupenda na kuachwa kila mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka masharti ya uendeshaji wa makao ya watoto, na sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni ilikaza taratibu za vibali. Kwa maneno mengine, dola imerudi mlangoni, safari hii si kuomba bali kukagua.

7. Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba mgeni asije. Inathibitisha kwamba aje akiwa ameitwa, akae muda wa kutosha kujua majina ya watu, na afanye kazi ambayo mwenyeji ameitaja kwa kinywa chake. Mpimaji wa mwaka 1961, daktari wa Tosamaganga na mwanzilishi wa karakana ya Iringa walitofautiana kwa mengi, lakini walikutana katika hilo. Msafiri wa wiki mbili anaweza kuwa mgeni mzuri akikubali kuwa mgeni tu: anunue, ajifunze, asalimie, aende zake. Methali haikumpa jembe siku ya kwanza, na ilikuwa na sababu.