Picha Iliyoivia Kamerani

Asubuhi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hukawia. Jua likishawaka kwingine, Milima ya Livingstone iliyosimama mashariki mwa ufukwe bado imeukinga mchanga, na kivuli chake kina ubuluu ambao jicho huuzoea lakini kamera haiusamehi. Anayetaka picha yake itoke kamilifu kwenye kamera, isiguswe tena kwenye kompyuta, hana budi kuweka mizani ya weupe kwenye alama ya kivuli kabla hajabonyeza. Jua likivuka mgongo wa mlima, abadilishe. Na akipiga vyungu vya Wakisi juani, sokoni Lyulilo, apunguze mwanga kidogo, maana nakshi nyeupe ikishaungua ndani ya JPEG hairudi.

Picha ya namna hiyo tuiiteje kwa Kiswahili? Wengi husema “picha isiyohaririwa”. Si kweli. Kihisi cha kamera hakitoi picha. Hutoa tarakimu, mara nyingi za biti 12 au 14. Prosesa iliyo ndani ya kamera ndiyo inayochagua rangi, inayonoa kingo na kufifisha chengachenga, kisha hubana yote kwenye JPEG ya biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa kila rangi. Uhariri umefanyika, tena mwingi. Ila uamuzi wake ulipitishwa kabla ya kubonyeza. “Picha halisi” ndiyo mbaya zaidi, kwani inawaita wengine waongo. “Picha ghafi” nayo ni kinyume kabisa: ghafi ni zile tarakimu ambazo hazijapikwa.

Studio za zamani zilituachia neno “kusafisha”, na hadi leo wapo wateja wanaouliza kama picha imeshasafishwa. Nalipenda, lakini lilihusu dawa na chumba cha giza, hatua ile ile ambayo mpiga picha huyu anaikwepa.

Mimi nasema “picha iliyoivia kamerani”. Kuna embe lililoivia mtini na kuna embe la kuvundikwa. Yote yameiva, tofauti ni mahali. Hivyo istilahi hii haimtukani anayevundika, na embe la kuvundika linaweza kuwa tamu pia. Tena inatupa jozi nyepesi: faili bichi, lenye zile tarakimu ghafi, na picha mbivu. Mfinyanzi wa Kikisi kule Ikombe ataielewa bila mkalimani. Chungu kibichi hurudishwa majini kikawa udongo tena. Kilichotoka motoni kinabaki kilivyo.

Jozi hiyo ina kazi hata kwenye habari. Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapiga picha wa kujitegemea wasilipelekee tena picha zilizotengenezwa kutokana na faili bichi, bali JPEG iliyotoka kamerani. Hata hivyo kupunguza kingo na kurekebisha mwanga kidogo kuliruhusiwa. Je, hiyo bado imeivia kamerani? Kwangu, kukata kingo ni kumenya embe. Rangi ikishabadilishwa baadaye, neno liachwe.

Simu ndiyo inayosumbua. Ukipiga picha ya mtumbwi bandarini Itungi jua likizama, simu huunganisha fremu kadhaa, ikainua kivuli na kushusha anga, kabla hujaiona picha. Hukuchagua lolote. Lakini imeivia humo humo, na istilahi inauliza mahali tu, haiulizi mpishi.