UZI: Bastola ya mjomba, na kwa nini Kenya bunduki haibadilishwi kama simu

1/ Juzi mjomba alinipigia kutoka Ruiru. "Mpwa, wewe si unasoma siasa? Nisaidie kuamua jambo." Mjomba ana leseni ya bunduki na bastola ya kawaida kabisa, Ceska. Kuna mzee wa Thika, naye ana leseni, mwenye revolva ya zamani: Webley ya Kiingereza, ile ambayo risasi hukaa kwenye silinda inayozunguka. Mzee amechoka kutafuta risasi zake. Wanataka kubadilishana.

2/ Nilimuuliza, mjomba, kwani utafanya nini na mguu wa kuku wa miaka hiyo? Akanyamaza kidogo. "Kimathi alinyongwa kwa sababu ya bastola kama hiyo. Nataka tu kuwa nayo." Hapo nikaona hili si swali la mjomba peke yake. Kaa kitako, uzi ni mrefu.

3/ Kila ujambazi ukizidi, kuna mtu husimama jukwaani kusema raia wapewe bunduki wajilinde. Mwingine humjibu kwamba bunduki zote zichukuliwe. Sitaji majina wala vyama, mnajua sheria ya ukurasa huu. Lakini wote wawili huongea kana kwamba mjadala ulianza jana. Ulianza kabla ya Kenya kuitwa Kenya.

4/ Mwaka wa 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Uliandikwa kama mkataba wa kupinga biashara ya utumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini mwa Afrika, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingizwa, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Bunduki kuukuu za gumegume ziliweza kuruhusiwa, chini ya masharti. Sisi tuko katikati kabisa ya eneo hilo.

5/ Soma tena hiyo. Swali la "bunduki ya kisasa au ya zamani" tayari lilikuwa swali la serikali miaka zaidi ya 130 iliyopita. Na jibu lilitegemea wewe ni nani.

6/ Sasa njoo Juja, hapo katikati ya Ruiru na Thika. Mwaka wa 1909 rais wa Marekani aliyekuwa ametoka tu madarakani alikuja kuwinda, akawa mgeni wa tajiri William Northrup McMillan kwenye shamba la Juja. Alibeba bunduki kadhaa, mojawapo Holland & Holland ya mitutu miwili aliyopewa zawadi na watu wa Uingereza waliomhusudu. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari hiyo. McMillan mwenyewe amezikwa Ol Donyo Sabuk, mlima unaouona ukiwa Thika siku isiyo na mawingu.

7/ Kwa hiyo ukusanyaji wa bunduki za kipekee si jambo geni kwenye barabara yetu. Ila mkusanyaji alikuwa mgeni mwenye shamba. Mwafrika aliyembebea ile bunduki porini hakuweza tu kuamka siku moja akajinunulia yake.

8/ Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache za kiwandani, nyingi za kuiba au kunyang'anya. Nyingine walizitengeneza wenyewe: bomba la maji, kipande cha mbao, komeo la mlango, mpira wa kuvuta. Zingine zililipukia mikononi mwa mwenye kufyatua. Upande wa pili, walowezi, wanawake kwa wanaume, walikula chakula cha jioni bastola ikiwa mezani.

9/ Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha au risasi bila idhini kukawa kosa la kunyongwa. Sijasema kuua. Nimesema KUPATIKANA NAYO. Kufikia mwisho wa vita hivyo Waafrika 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na si wote walioshtakiwa kwa kumwaga damu.

10/ Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Watu wengi hudhani alishtakiwa kwa kuongoza vita. La. Mahakamani Nyeri, mwezi wa Novemba, mashtaka yalikuwa ya bastola: revolva ya Webley Scott ya .38, pamoja na risasi zake. Upande wake ulidai alikuwa njiani kujisalimisha. Jaji hakukubali. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

11/ Kamiti si mbali na Ruiru. Mjomba hupita upande huo akienda kazini. Ndiyo maana Webley ya yule mzee haimtoki akilini.

12/ Katikati ya vita hivyo ndipo ilipoanza kutumika Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Ni ya 1954. Imerekebishwa mara nyingi, lakini mifupa yake ni ileile hadi leo: hakuna raia mwenye haki ya silaha. Kuna raia aliyeruhusiwa. Lazima awe na sababu nzuri, na mtoa leseni aridhike kwamba usalama wa umma hautahatarishwa.

13/ Hapa ndipo mpango wa mjomba unapokwama. Leseni humtaja mtu, na humtaja na silaha aliyoruhusiwa. Ceska yake iko kwenye karatasi yake. Webley iko kwenye karatasi ya mzee. Wakikutana kwenye mkahawa pale Thika wakabadilishana na kupeana mikono, kila mmoja atarudi nyumbani na bunduki ambayo hana kibali nayo. Waungwana wawili wenye leseni wanageuka wahalifu wawili kabla chai haijapoa.

14/ Njia halali ipo: kila mmoja aombe kwanza, aeleze sababu, idhini itoke, ndipo silaha ihame. Mpangilio ni huo na si vinginevyo.

15/ Mtu ataniambia, "Lakini Marekani..." Ndiyo. Kule haki ya silaha imo kwenye katiba tangu 1791, na katika majimbo mengi watu wawili wa jimbo moja wanaweza kubadilishana bastola bila kumwambia afisa yeyote. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Mwanasiasa akikuambia serikali "imetunyang'anya haki" ya bunduki, muulize ni ibara gani.

16/ Upande wa pili nao usishangilie. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka wa 2018 kwamba raia wa Kenya wanashikilia silaha kama 750,000. Zilizosajiliwa ni sehemu ndogo sana ya hizo. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 pale Ngong. Kumpokonya mjomba Ceska yake hakupunguzi hata moja kati ya zile ambazo hazijawahi kuwa na karatasi.

17/ Mimi nasimama wapi? Nakubali silaha ifuatwe na karatasi. Nimeishi Ruiru, nimesikia milio usiku, sitaki bastola zinazohama mikono kama simu za mitumba. Lakini sheria iliyozaliwa ili Mwafrika asishike bunduki bado inaweka uamuzi mikononi mwa watoa leseni. "Sababu nzuri" ni ipi? Nani alipewa, nani alinyimwa, na kwa nini? Hayo ndiyo hatuelezwi.

18/ Na kuna jambo ambalo sijasikia jukwaa lolote likiligusa. Leseni hairithiwi. Yule mzee akifariki, wanawe hawawezi kuiacha Webley kabatini kama ukumbusho wa baba, lazima waisalimishe. Kisha? Inaweza kuishia kwenye rundo moja na bunduki za wezi wa mifugo, imwagiwe petroli. Tuna sanamu ya Kimathi mjini Nairobi tangu 2007, ameshika bunduki ya shaba. Bunduki za kweli za enzi zile tunaziacha zipotee.

19/ Nilimweleza mjomba yote haya. Akasema, "Kwenye fomu nikiandika 'usalama' nitakuwa nimedanganya, maana hiyo ya zamani risasi zake ni shida. Nikiandika 'kumbukumbu ya Kimathi' wataniona nimerukwa na akili." Nikamwambia, mjomba, basi umeshajijibu. Hawakubadilishana. Mjomba amebaki na Ceska yake. Mzee ameshauriwa aanze kuuliza, angali hai, kama kuna makumbusho yatakayoipokea ile Webley kwa njia halali.

20/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwako na hotuba ya bunduki, usimuulize kama anazitaka au hazitaki. Muulize: vigezo vya leseni vitawekwa wazi? Aliyenyimwa ataelezwa sababu? Zile zisizo na karatasi utazifikiaje? Na za kihistoria zitahifadhiwa wapi? Akijibu mawili kati ya manne, mrudishie maiki aendelee.

Mwisho wa uzi. Kama babu yako alikuwa na hadithi ya bunduki ya bomba la maji, iandike hapa chini kabla haijapotea.