Mawe hai: kwa nini tangi jipya la maji ya bahari lisipewe samaki mapema

Samaki wa mapambo wanaovuliwa kwenye miamba ya pwani ya Kenya husafirishwa hadi nchi za mbali na kufugwa katika matangi ya kioo. Lakini samaki akiingizwa mapema kwenye tangi jipya, anaweza kufa baada ya siku chache, ingawa maji yanaonekana meupe kabisa. Kinachomuua hakionekani kwa macho: ni amonia. Kinga yake kubwa ni mawe hai.

Mawe hai ni nini?

Ni vipande vya mifupa ya matumbawe ya zamani, vilivyojaa vitundu. Jiwe lenyewe halina uhai. Wenye uhai ni wakazi wake: bakteria, mwani wa zambarau ulioganda juu yake, sifongo, minyoo na kaa wadogo.

Yanafanya kazi gani?

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo makali yake ni madogo. Bakteria hawa huhitaji muda kuongezeka, kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Jiwe hutunzwaje wakati huo?

Jiwe likishatolewa baharini, baadhi ya wakazi wake hufa njiani na kuanza kuoza. Uozo huo hutoa amonia inayowalisha bakteria, lakini ikizidi huwaua viumbe walionusurika. Kwa hiyo:

1. Tayarisha maji kwanza. Tumia chumvi maalumu ya matangi, si ya kupikia, kiasi cha gramu 35 kwa lita. Maji ya bomba yaondolewe klorini, kwa sababu huua bakteria. Joto liwe nyuzi 25 hadi 26.
2. Vaa glavu. Suuza jiwe kwenye ndoo ya maji ya chumvi, kisha sugua kwa brashi sehemu zilizooza na zinazonuka.
3. Pampu izungushe maji mchana na usiku. Taa iwe hafifu, la sivyo mwani wa kijani utatawala.
4. Pima amonia kila baada ya siku 2 au 3. Ikipanda sana, badilisha sehemu ya maji.
5. Subiri mpaka amonia na nitriti zisome sifuri kwa vipimo kadhaa mfululizo. Hapo anza na samaki mmoja au wawili wadogo.

Onyo: usichemshe jiwe

Wapo wanaochemsha mawe ili kuyasafisha. Ni hatari. Baadhi ya viumbe wanaoshikamana na mawe hayo wana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Je, mtu aende kuvunja mwamba?

Hapana. Mwamba ni nyumba ya samaki tunaowala, na huchukua miaka mingi sana kujengeka. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Huko Florida, Marekani, uchukuaji wa mawe hai ya asili ulipigwa marufuku, na sasa wafugaji hutumbukiza mawe ya kawaida baharini, wakasubiri viumbe wayavamie, ndipo wakayavuna. Wengine hutumia mawe makavu, ambayo huhitaji subira zaidi.

Na wewe unayefuga sato au kambale kwenye tangi, kanuni ni hiyo hiyo. Tangi jipya linalosafisha na kurudisha maji yale yale lisijazwe vifaranga wote siku moja. Anza na wachache, pima maji, ongeza taratibu. Maji meupe si lazima yawe maji salama.