Kusita Kabla ya Kuhukumu: Nizwa, Rustaq na Adabu ya Kuhitilafiana

Mwaka 886 Imamu al-Salt bin Malik, mzee aliyekwisha kutawala takriban miaka 35, aliuacha uimamu mjini Nizwa. Mwanachuoni Musa bin Musa ndiye aliyewaongoza waliomwendea, na nafasi yake akapewa Rashid bin al-Nadhr. Je, imamu alijiuzulu kwa hiari, au alishurutishwa? Swali hilo moja liliwagawa Waibadhi wa Oman kwa karne kadhaa.

Uzito wake ulitokana na mafundisho yenyewe. Muumini hupaswa kuwa na walaya, yaani udugu wa kidini, kwa wema, na baraa, yaani kujitenga, na waovu. Basi aliyeamini kwamba Musa na Rashid walimdhulumu imamu aliona wajibu kujitenga nao. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakajitenga pia na yeyote aliyekataa kujitenga. Hapo jirani akawa mtuhumiwa kwa sababu ya kunyamaza kwake.

Upanga ulifuata. Musa aliuawa Izki mwaka 891, katika enzi ya Imamu Azzan bin Tamim. Ukoo kwa ukoo ulivutana, hata wajumbe wa upande mmoja wakaomba msaada kwa Muhammad bin Nur, liwali wa Waabbasi huko Bahrain. Mwaka 893 Azzan aliuawa Samad, katika Sharqiyah, na mapokeo ya Oman yanasimulia jinsi mifereji ya falaj ilivyobomolewa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Safari hii waliokosa maji hawakuwa na neno katika ugomvi ule.

Katika karne ya 10 mjadala ulihamia vitabuni. Ibn Baraka wa Bahla, miongoni mwa wakuu wa madhehebu ya Rustaq, alishikilia kuwahukumu Musa na Rashid. Abu Said al-Kudami wa madhehebu ya Nizwa alijibu kwamba tukio hilo lilikuwa na madai yanayopingana, na asiyeujua ukweli wake ana haki ya kusita, yaani wukufu. Hakuwataka watu wote wawe na rai moja. Alitaka tu kwamba mtu asimtoe mwenzake katika udugu kwa jambo ambalo wote wawili hawakulishuhudia.

Mwaka 1052 Imamu Rashid bin Said aliiunga mkono rai ya Rustaq kwa tamko rasmi. Mwafaka wa kulazimishwa haukuleta amani; kwa muda mrefu, wanazuoni walielekea kwa al-Kudami.

Wayahudi nao wana mfano wa karibu. Mishna imehifadhi rai za shule ya Hillel na za shule ya Shammai pamoja, nayo inaeleza kwamba wafuasi wao waliendelea kuoana ijapokuwa walitofautiana hata katika sheria za ndoa.

Wajukuu wa Ibra na Nizwa walipovuka bahari, Unguja ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii kwa pamoja. Huko tofauti ilipewa kiti chake. Ama kisa cha al-Salt, hukumu yake haijapatikana hadi leo; kilichopatikana ni ruhusa ya watu wawili wasiokubaliana kusimama katika safu moja ya sala.